Kituo Kilipotulia: Kisa cha Bi. Z Wakati wa Lokdauni

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mwaka 2020, wiki za mwanzo za lokdauni, yaani amri ya kukaa ndani wakati wa janga la UVIKO-19. Kimeandikwa kwa ajili ya askari, wapokea simu za dharura, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii. Nchi, mji na majina yameondolewa, mambo ya kazi na familia yamebadilishwa, na baadhi ya maelezo yamechanganywa na ya visa vingine vinavyofanana nacho ili mhusika asitambulike. Mtiririko wa maamuzi umeachwa ulivyo: nani alijua nini, alijua lini, na akaamua nini.

Kwa nini kisa hiki? Kwa sababu mwezi uleule ambao kituo cha polisi kiliandika kwamba malalamiko ya ukatili wa nyumbani yamepungua, mwanamke ambaye jina lake lilikuwa tayari kwenye kitabu cha matukio cha kituo hicho alikuwa akikabwa koo nyumbani kwake. Takwimu haikuwa ya uongo. Ilihesabu watu waliofika mbele ya askari, na yeye hakuweza kufika.

Usuli

Bi. Z alikuwa kwenye miaka ya 30, ameolewa, ana binti wa shule ya msingi na mtoto wa pili ambaye hajafikisha miaka 2. Familia ilikaa katika jengo la nyumba za kupanga lenye kuta nyembamba. Yeye aliajiriwa, mume alikuwa na shughuli yake ndogo iliyotegemea watu kutoka nje.

Kabla ya janga, polisi walikuwa wamekutana naye mara 2. Mara ya kwanza alifika mwenyewe asubuhi akiwa njiani kwenda kazini, akatoa maelezo, na baada ya siku chache akarudi kuyafuta. Mara ya pili aliletwa na msimamizi wake wa kazi, ambaye aliona mkono umevimba, akamuuliza faragha, kisha akamsindikiza hadi dawati la jinsia. Safari hiyo maelezo hayakufutwa, lakini shauri halikufika mbali. Mume alionywa na jalada likabaki likisubiri ushahidi. Mwalimu wa binti naye aliwahi kumwita mama kuuliza kwa nini mtoto anasinzia darasani kila Jumatatu, na muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa ameandika kwenye kadi neno moja: "afuatiliwe".

Hakuna hata taarifa moja kati ya hizo iliyotoka ndani ya nyumba. Kila moja ilitoka mahali ambapo Bi. Z, au mtoto wake, alikuwa mbali na mume kwa saa kadhaa na mbele ya mtu aliyemfahamu kiasi cha kuona kwamba leo hayuko sawa.

Amri ilipotangazwa, kazi ya Bi. Z ilisimamishwa bila malipo, shule ikafungwa, na shughuli ya mume ikafa kwa muda, hivyo akawa nyumbani kutwa. Kituoni nako mambo yalibadilika. Askari wengi walipelekwa kwenye vizuizi vya barabarani na doria za kutawanya mikusanyiko. Dawati la jinsia, lililokuwa na askari 4, likabaki na sajini mmoja. Wananchi wakatakiwa kupiga simu kwanza kabla ya kufika kituoni, ili kuepusha msongamano. Kwa upande wa kuzuia maambukizi agizo hilo lilikuwa na maana. Kwa mtu ambaye simu yake inakaa mfukoni mwa mume, lilikuwa sawa na kuambiwa asije.

Mfululizo wa matukio

*Wiki ya 2.* Namba ya dharura ilipokea simu iliyodumu sekunde chache bila mtu kuongea. Mpokea simu akapiga tena kama utaratibu unavyotaka. Akapokea mwanamume, sauti imetulia: "Samahani afande, mtoto alikuwa anachezea simu." Tukio likafungwa kama simu iliyopigwa kwa bahati mbaya. Hakuna aliyelinganisha namba hiyo na kumbukumbu za nyuma, ingawa namba ya Bi. Z ilikuwa kwenye jalada la mwaka uliotangulia.

*Wiki ya 3.* Jirani wa ghorofa ya chini alipiga simu saa 4 usiku. Alisema anasikia vitu vikianguka, mwanamke akilia, kisha kimya. Simu iliandikwa chini ya fungu la "kelele na usumbufu". Doria ilifika baada ya zaidi ya saa moja, kwa kuwa kelele haikuwa kipaumbele. Mume alifungua mlango. Askari walibaki nje, hatua kadhaa kutoka kizingitini, kwa hofu ya maambukizi, wakauliza kwa sauti kama kuna tatizo. Bi. Z, akiwa kwenye korido nyuma ya mume, alijibu, "Hakuna shida, afande." Wakaandika: "Ugomvi wa kawaida wa mke na mume, wameshauriwa."

*Wiki ya 4.* Mkuu wa kituo aliwasilisha ripoti ya mwezi kwa wakubwa wake. Wizi ulikuwa umeshuka, ajali zimeshuka, na malalamiko ya ukatili wa nyumbani nayo yameshuka. Sajini wa dawati, alipoona rasimu, aliomba aongeze aya moja. Alikuwa amepitia kitabu cha simu na kuona kwamba wanawake waliokuwa wakifika wenyewe ndio waliotoweka, na kwamba simu za majirani kuhusu kelele zimeongezeka kwa wingi wa kutosha kumtia wasiwasi. Aya hiyo haikuingia. Lakini mkuu wa kituo alimruhusu asipelekwe vizuizini siku 2 kwa wiki ili apitie majalada ya zamani na kuwatafuta wanawake hao.

*Wiki ya 5.* Sajini aliandaa orodha ya wanawake waliowahi kutoa taarifa ndani ya miaka 2. Swali gumu lilikuwa namna ya kuwapata. Simu ya polisi ikipokewa na mume, inaweza kumtia mke kwenye kipigo usiku huohuo. Ndipo akakumbuka kliniki ya watoto, ambayo ilikuwa haijafungwa. Walipoketi na muuguzi kulinganisha orodha zao, jina la Bi. Z lilikuwa kwenye zote mbili: mtoto wake mdogo alikuwa amepitisha tarehe ya chanjo.

Muuguzi alipiga simu. Mume akapokea, akaambiwa ukweli kwamba mtoto amechelewa chanjo na mama amlete. Siku iliyofuata alimsindikiza mkewe hadi getini. Hapo sheria ya janga ikafanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia: kliniki iliruhusu mtu mzima mmoja tu kwa kila mtoto. Mume akabaki nje.

Baada ya chanjo muuguzi alifunga mlango, akauliza: "Mama, nyumbani unakaa kwa amani?" Bi. Z alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaeleza. Simu ilichukuliwa tangu ile siku ya wiki ya 2. Anapewa akiwa anasikilizwa. Amekabwa koo mara 2, ya pili hadi akapoteza fahamu. Mume humwambia kwamba akitoka bila kibali atakamatwa yeye, na kwamba nyumba salama zimejaa ugonjwa. Sajini, aliyekuwa chumba cha pili bila sare, aliingia kwa ridhaa yake.

Bi. Z alikataa kutoroka siku hiyo. Binti yake alikuwa nyumbani, ameachwa chini ya uangalizi wa shemeji, ndugu wa mume. Alisema akionekana ameondoka, hatamwona tena.

*Wiki ya 6.* Siku 3 baadaye, usiku, namba ya dharura ilipokea simu ya kimya kutoka namba ya Bi. Z. Safari hii namba ilikuwa imewekewa alama kwenye mfumo. Mpokea simu alisema kwa sauti ya chini: "Kama huwezi kuongea, gusa kitufe chochote mara moja." Mlio ukasikika. "Yupo hapo karibu?" Mlio. "Watoto wapo?" Mlio. "Ana silaha?" Kimya. Doria ilifika dakika 12 baadaye, ikaingia ndani, ikawatenganisha. Mume alikamatwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ulikuwa wa kumwacha Bi. Z arudi nyumbani kutoka kliniki. Wapo watakaoona kwamba hapo ndipo sajini alipaswa kumkamata mume getini, na hoja yao ina nguvu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuja kuuawa unaozidi mara 7 ule wa mwanamke anayenyanyaswa bila kukabwa. Sajini alilijua hilo. Alipima pia mambo mengine. Mtoto mmoja alikuwa mikononi mwa familia ya mume. Hakukuwa na jeraha bichi la kuonyesha hakimu siku hiyo. Na mahabusu zilikuwa zikipunguzwa watu kwa sababu ya maambukizi, hivyo mume angeweza kuwa nje kabla ya jioni akiwa anajua nani amesema. Zaidi ya yote, mwanamke mwenyewe alisema bado. Anayeishi na mtu mkatili ndiye anayejua saa za hatari kuliko afisa aliyekutana naye kwa nusu saa.

Kwa hiyo waliweka mpango kabla hajatoka mlangoni. Namba yake ikawekewa alama: simu yoyote ya kimya kutoka hapo ichukuliwe kuwa ya dharura. Kwa ridhaa yake, jirani wa chini akaombwa apige simu moja kwa moja kwa sajini akisikia chochote, asiende kugonga mlango. Muuguzi akaandika tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki moja, tarehe ya kweli ya kumpima mtoto uzito, ili pawepo sababu halali ya kutoka tena.

Uamuzi wa pili ulihusu nani aondoke nyumbani. Mazoea ya kituo yalikuwa kumpeleka mwanamke na watoto nyumba salama. Ile iliyokuwa karibu ilidai wageni wakae karantini siku 14 kwanza, na haikuwa na chumba cha karantini. Sajini akaomba kinyume chake: mume ndiye asirudi. Mwendesha mashtaka alisita, kwa kuwa amri ya kukaa ndani ilimtaka kila mtu abaki kwenye makazi yake. Hakimu, aliyesikiliza ombi kwa njia ya video, hakusita. Alitoa dhamana yenye sharti kwamba mshtakiwa akae kwa kaka yake na asikaribie jengo, huku ombi la amri ya ulinzi likishughulikiwa.

Uamuzi wa tatu ulifanyika haraka mno, nao ndio uliogharimu. Askari waliofika usiku ule walijaza fomu ya matibabu wakaandika "michubuko shingoni". Daktari wa zamu, akiwa na foleni ya wagonjwa wa kifua, alithibitisha michubuko na kumruhusu. Hakuna aliyemuuliza kama sauti imebadilika, kama anameza kwa shida, kama alipoteza fahamu au kujikojolea.

Matokeo

Bi. Z na watoto walibaki nyumbani kwao. Amri ya ulinzi ilitoka siku ya 4. Katika siku hizo mume hakukanyaga kwenye jengo, lakini alituma ujumbe mfululizo kupitia kompyuta ndogo ambayo binti alikuwa akiitumia kwa masomo ya mbali. Akaunti ilikuwa na neno la siri aliloliweka yeye. Mwanzoni ulikuwa wa kuomba radhi, kisha wa vitisho, na wote ulimfikia mtoto kwanza. Polisi walichukua hatua baada ya mama kupeleka picha za ujumbe huo kituoni.

Shauri lilisikilizwa miezi mingi baadaye kwa sababu mahakama zilikuwa na mrundikano. Mume alitiwa hatiani kwa shambulio la kawaida. Shitaka zito zaidi la kumkaba koo halikusimama, kwa kuwa ushahidi wa kitabibu haukulibeba. Bi. Z alirudi kazini pale kazi zilipofunguliwa na hajafuta maelezo yake.

Uchambuzi: kupungua kwa taarifa kulimaanisha nini

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ripoti ile ya wiki ya 4 ingeweza kuwa imeandikwa na kituo chochote duniani.

Kabla ya janga lolote, polisi huona sehemu ndogo ya tatizo. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, chini ya asilimia 40 ya wanawake wanaofanyiwa ukatili hutafuta msaada wa aina yoyote, na kati ya hao wanaotafuta, chini ya asilimia 10 huenda polisi. Kitu kinachoamua nani aingie kwenye sehemu hiyo ndogo kikibadilika, takwimu ya polisi hubadilika hata kama vipigo ni vilevile. Lokdauni ilibadilisha kitu hichohicho.

Ndiyo maana matokeo ya tafiti za 2020 yanaonekana kugongana. Katika miji 14 ya Marekani, simu za ukatili wa nyumbani zilizopigwa polisi ziliongezeka kwa takriban asilimia 7.5 kati ya Machi na Mei, na ongezeko lilianza watu walipoanza kukaa ndani wenyewe, kabla ya amri rasmi. Dallas, jiji jingine la Marekani, ilionyesha kupanda kwa wiki chache kisha kushuka. Chile, watafiti walipofuata lokdauni zilivyowekwa wilaya moja baada ya nyingine, simu za kuomba msaada zilipanda huku taarifa za polisi zikishuka. Waliona pia kwamba wanaume kupoteza kazi ndiko kulikosukuma dhiki juu, na wanawake kupoteza kazi ndiko kulikopunguza kuripoti.

Soma matokeo hayo ya Chile ukiwa na jalada la Bi. Z mkononi. Mume alipoteza kipato, dhiki ikapanda. Mke alipoteza kazi, na pamoja na mshahara akapoteza msimamizi aliyeuona mkono uliovimba, njia ya asubuhi iliyopita karibu na kituo, na hela ya kukodi chumba endapo angeondoka. Mambo hayo yalitokea wiki moja. Kituo kikaona matokeo ya la pili tu, kikayaita utulivu.

London iliongeza jambo jingine ambalo askari wa kawaida angelitumia kesho yake. Watafiti waliochambua simu zilizopigwa polisi wa jiji hilo waliona ukatili wa wenzi wanaoishi pamoja na wa ndugu wa nyumba moja ukipanda, na ule wa wenzi walioachana ukishuka. Na ongezeko la simu lilitoka kwa watu wengine, hasa pale nyumba zinapobanana, badala ya wanaofanyiwa ukatili wenyewe. Jirani alikuwa amekuwa mdomo wa mhanga. Katika kituo chetu jirani alipiga simu, na simu yake ikaandikwa kelele.

Nasisitiza hili kwa sababu namna ya kuandika tukio ilikuwa na matokeo matatu papo hapo: doria ilichelewa, askari walifika wakitarajia kusuluhisha muziki au vurugu, na simu ile haikuhesabiwa kwenye ripoti ya mwezi. Sajini aliligundua kwa kusoma kitabu cha simu mstari kwa mstari, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Uchambuzi: mlangoni

Swali "kuna tatizo?" lililoulizwa mume akiwa katikati halikuwa swali. Bi. Z alikuwa na jibu moja tu la kuweza kuishi nalo usiku ule, akalitoa. Askari walifuata mwongozo wa afya wa kukaa mbali na kutoingia majumbani bila lazima, na siwalaumu kwa kuogopa ugonjwa ambao ulikuwa ukiua wenzao. Lakini umbali haukuzuia kutenganisha. Mume angeweza kuitwa ngazini na askari mmoja huku mwingine akizungumza na mke mlangoni, kila mmoja mbali na mwenzake, hewa ikiwa safi zaidi kuliko koridoni. Usiku wa wiki ya 6 doria hiyohiyo ilifanya hivyo, wakiwa na barakoa na glavu zilezile. Tofauti pekee ni kwamba safari hii walikuwa wameambiwa wanakwenda kwenye nini.

Uchambuzi: kilichofaa

Kliniki. Nchi kadhaa zilifikia wazo hili kwa njia yao: mwezi Machi 2020 visiwa vya Canary, Hispania, vilianzisha kampeni ambapo mwanamke aliingia duka la dawa na kuomba "barakoa 19", na mfamasia akajua awaite polisi, Ufaransa nayo ikayageuza maduka ya dawa kuwa mahali pa kutolea taarifa. Msingi ni mmoja. Tafuta mahali ambapo amri bado inamruhusu mwanamke kwenda, na ambapo mume haoni ajabu akienda. Katika kisa hiki kilichosaidia zaidi ni kwamba sababu ilikuwa ya kweli. Mtoto alihitaji chanjo. Mume angeuliza popote, angepata jibu lilelile.

Simu ya kimya nayo ilifaa kwa kuwa mpokea simu alikuwa amefundishwa kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Uingereza ina utaratibu wa miaka mingi ambapo mtu anayepiga 999, namba ya dharura ya huko, kwa simu ya mkononi bila kuweza kuongea huelekezwa abonyeze 55. Hauhitaji mitambo mipya. Unahitaji mtu asiyekata simu haraka. Wiki ya 2 na wiki ya 6, Bi. Z alifanya jambo lilelile.

Na kumwondoa mume badala ya mke. Kanuni za lokdauni za nchi nyingi ziliruhusu anayekimbia hatari kutoka nyumbani, England ikiwa mojawapo, lakini ruhusa hiyo haimsaidii mtu asiyeambiwa kwamba ipo. Mume wa Bi. Z aliishi kwa kutegemea hilo: alimtisha mkewe kwa sheria ambayo kwa kweli ilikuwa upande wa mke. Tangazo moja la redio lililosema wazi kwamba anayekimbia kipigo hakamatwi lingemnyang'anya silaha hiyo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Fomu ya matibabu nimeshaieleza. Kukaba koo mara nyingi huacha alama ndogo sana kwenye ngozi, kwa hiyo anayeandika alama za ngozi tu ataandika kidogo. Vifaa vya kielektroniki: masharti ya dhamana yalitaja jengo, hayakutaja ujumbe, na hakuna aliyemuuliza mama ni akaunti zipi ndani ya nyumba zina neno la siri la mume. Wakati ambapo masomo, kazi na mawasiliano vyote vimehamia kwenye skrini, sharti la kutokaribia mlango linaacha dirisha wazi.

Lipo pungufu kubwa zaidi, nalo liko ndani ya kile kilichofanikiwa. Sajini alimpata Bi. Z kwa sababu alikuwa kwenye kitabu. Katika ile miji 14 ya Marekani, ongezeko lilisukumwa na nyumba ambazo hazikuwa na historia ya karibuni ya simu za ukatili. Orodha ya majalada ya zamani, hata ikipitiwa kwa bidii ya sajini yule, haiwezi kuzifikia nyumba hizo. Zinafikiwa na jirani, muuguzi, na simu inayokatika baada ya sekunde chache.

Baada ya amri kulegezwa, malalamiko ya ukatili wa nyumbani kituoni hapo yalipanda ghafla, na mkuu wa kituo akatakiwa kueleza "ongezeko". Safari hii aya ya sajini iliingia, ikiwa na jedwali linalotenganisha waliokuja wenyewe, waliotolewa taarifa na jirani, na walioletwa na kazi, shule au kliniki. Wapokea simu wameagizwa kwamba kelele za ugomvi kutoka kwenye makazi ziulizwe maswali mawili kabla ya kuandikwa: nani anasikika, na je, namba au anwani hii imewahi kuwa na taarifa. Mfumo wa kompyuta bado una nafasi ya fungu moja tu kwa kila tukio, kwa hiyo jibu la swali la pili huandikwa kwa mkono kwenye daftari la dawati, na sajini ndiye anayelipitia kila asubuhi.